Anayeingia Mlangoni

Asubuhi ile dada yangu mkubwa aliniomba nikae chini ninywe chai, maana kichwa kilikuwa kinamuuma kwa kunitazama tu. Nilikuwa naizunguka meza na kikombe mkononi, chai imepoa, sijaionja. Akaniuliza mimi na subira tulikosana lini. Ningemjibu tungegombana, na ugomvi wa kunitosha nilikuwa nao tayari moyoni.

Mtathmini alikuwa anakuja. Mimi ni mwalimu wa maigizo shule ya msingi. Watoto wangu huja kila Jumatano kwenye chumba cha mwisho, kile chenye dirisha lisilofunga na pazia jekundu nililolishona mwenyewe. Ofisi ya elimu ilikuwa imesema mpango huu wa maigizo utapimwa, na ukionekana hauna faida unafutwa, chumba kinakuwa stoo ya madawati mabovu. Madawati mabovu, jamani! Mkuu wa shule alishakuja kukipima chumba kwa miguu yake, mimi nimesimama pale pale, bila hata haya.

Basi wiki nzima sikukalika. Niliwaandalia watoto igizo la mfalme mchoyo, lenye mataji ya karatasi za kung'aa, nikawakaririsha mpaka wakanichoka na mimi nikajichoka. Siku moja hasira zikanipanda, nikamwigiza huyo mtathmini mbele yao: pua juu, mikono nyuma, anagusa pazia kwa kidole kimoja utadhani lina upele. Watoto walicheka mpaka wakagaagaa sakafuni. Mdomo uliponza kichwa, wahenga walisema, nami nikawa kama sijawahi kuwasikia.

Chumba changu kina sheria mbili tu. Ya kwanza, anayeingia mlangoni tukiwa tunaigiza ameingia igizoni, awe nani. Mpishi alikuja siku moja kuulizia sahani zake, akageuzwa malkia, na akatawala vizuri tu. Mkuu wa shule aliwahi kuwa mbuzi, na mpaka leo hajanisamehe. Ya pili, mwenzako akikwama humcheki, unampa neno la kuendelea nalo.

Siku yenyewe niliwaacha watoto wapashe sauti, nikaenda getini kumpokea mgeni. Nilijua atakuja na gari, watu wa ofisi ndivyo wanavyokuja. Nikasimama, nikatembea, nikasimama tena. Mlinzi akaniambia nitamchimbia shimo pale. Kila gari lililopunguza mwendo nililiwekea tabasamu, likapita zake. Mwishowe mlinzi akaniuliza kama namngojea yule mama mwenye mkoba wa bluu, kwa sababu mwenzake wa geti dogo alishampitisha kitambo. Alikuja kwa miguu.

Nilivua viatu, nikakimbia.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Nikachungulia. Mataji yalikuwa yamelala kwenye boksi lake. Watoto walikuwa wanaigiza tathmini. Mvulana tunayemwita Mheshimiwa, kwa sauti yake ya kizee, alikuwa anazunguka mikono nyuma, pua juu, anagusa pazia langu kwa kidole kimoja. Na kwenye kiti changu amekaa mama mtu mzima, mkoba wa bluu mapajani. Watoto walikuwa wamemfanya mwalimu. Walikuwa wamemfanya mimi.

Nilitaka kuingia nimzuie yule mtoto, lakini nikiingia na mimi nimeshaingia igizoni. Nikabaki nimeng'ang'ania kitasa.

"Mwalimu," Mheshimiwa akasema, "hebu nieleze. Watoto hawa wanapata faida gani humu?"

Yule mama akataja kujiamini, akataja stadi za maisha, maneno yale yale ya ofisini. Mheshimiwa akamkatiza kwamba hayo kila mtu anayasema, yeye anataka la kweli. Mama akafungua mdomo, akaufunga. Lilikuwa swali lake mwenyewe, alikuja nalo kutoka ofisini, na sasa amerudishiwa. Hakuna mtoto aliyecheka.

Ndipo akasogea Ngumi. Huyu ni binti, mdogo kuliko wote, na jina hilo walimpa wenzake baada ya kuonja. Kwangu hakubali nafasi yoyote ila simba. Kila wiki simba. Nilikuwa nagombana naye nikidhani anatafuta tu ruhusa ya kunguruma. Akasimama karibu na kiti, akamnong'oneza yule mama, mnong'ono wa jukwaani, ule ninaowafundisha usikike mpaka nyuma.

"Mwalimu, mwambie habari zangu. Mwambie nikitaka kumpiga mtu, naiweka hasira mpaka Jumatano. Jumatano nakuwa simba, inaisha."

Mama akamgeukia. Nadhani alisahau kwamba yeye ni mwalimu. "Na Jumatano isipokuwepo?"

Ngumi akafikiri. "Sijui," akasema.

Machozi yalinitoka pale mlangoni, viatu mkononi, wala sioni aibu kusema.

Tulipobaki wawili nje, mama aliniuliza yule wa kugusa pazia alikuwa nani. Nikamwambia ni yeye, nifiche nini tena. Akacheka kidogo, kisha akasema neno lililoninyong'onyeza. Anayetathmini haruhusiwi kushiriki, na yeye ameshiriki, tena amekalia kiti cha mwalimu. Aliyoyaona hayawezi kuhesabika. Ofisi itabidi imtume mwenzake. Hapo nikawaka. Nikamwambia yule mtoto kasema neno lililotoka ndani kabisa, si kanda ya kurudishwa nyuma na kuchezwa upya kila akija mkubwa. Nikasema na mengine ambayo dada angeyasikia angenifinya. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Mwenzangu atakuja Jumatano ijayo," akasema huku akiupandisha mkoba begani. "Ni mtu mkavu, hana utani. Usimngojee getini."

Jumatano nilikaa. Mataji niliyagawa kwa darasa la kwanza wakayachezee. Nilijibanza nyuma ya pazia, mikono nimeikalia, na kila dakika mwili unaniambia inuka, kimbia, kamwelekeze mgeni, kamwombe. Nikasikia viatu vinakuja koridoni, vizito, havina haraka, vikasimama. Ngumi alikuwa katikati ya chumba, ameshakuwa simba. Kitasa kikazunguka. Mwanamume mrefu akachungulia, uso mkavu kweli kama nilivyoambiwa.

"Umechelewa," simba akamwambia. "Kaa."

Akatazama huku na huku akitafuta mwalimu. Asimwone. Akakaa.