Mwambie Mgonjwa

Sista Kalolaine, muuguzi wa wodi yetu ya wazazi, hajahudhuria semina hata moja ya mawasiliano. Nalisema mapema, kwa sababu wakubwa wa hospitali yetu hapa Tonga wamefanya semina tisa, nimezihesabu, na kila moja ilituachia bango ukutani. "Timu ni moja, ongeeni!" Hakuna bango lililouliza mtu afanyeje ikiwa anayepaswa kuongea naye ni kaka yake.

Kwetu dada hatamki habari za uzazi mbele ya kaka, na binamu ni kaka vilevile. Mwaka nilioanza kusukuma machela, dada yangu Latai alijifungua. Mkunga aliandika kwenye karatasi kwamba damu haikomi, akaibana chini ya sinia la dawa ili daktari, aliyekuwa binamu wa mkunga huyo, aikute. Hakuikuta, na Latai akafariki. Mimi nilikuwa nje ya mlango, hatua nne kutoka kitandani, naona haya kuuliza. Ripoti ikasema "mawasiliano hafifu", wakubwa wakatia sahihi, wakaenda kula. Miaka ishirini na sita imepita. Sahihi zile naweza kukuchorea moja moja.

Jumatatu moja ya mwezi uliopita aliletwa Sisilia, kile kichanga alichokiacha Latai, sasa naye ana uchungu.

"Mjomba, sukuma kama mwanamume! Au ile lu ya nyama na majani uliyokula jana imekulemea?"

"Kilichonilemea ni wewe, mpwa wangu."

"Na yule nguruwe wako wa madoa ni wa mwanangu. Nimeshamchukua."

Kwetu mpwa akitaka kitu, mjomba hana kauli.

Saa tatu asubuhi akajifungua mtoto wa kiume. Nikamsukuma hadi wodini, nikabaki nikikunja mashuka ambayo hayakuhitaji kukunjwa. Haikupita saa, Sista Kalolaine akafunua shuka la Sisilia, akakuta damu imetapakaa. Daktari wa zamu alikuwa Uaisele, mtoto wa baba mdogo wa Kalolaine, yaani kaka yake. Akaja, akasimama mlangoni, macho sakafuni. Sakafu ile naijua mimi. Nikafungua mdomo nipige kelele, mila na heshima zitajijua zenyewe.

Kalolaine akaniwahi. Hakumtazama daktari. Alimwinamia Sisilia, akasema kwa sauti ya mhubiri wa Jumapili:

"Sisilia mwanangu, sikiliza. Ndani ya nusu saa umelowesha pedi tatu. Mfuko wako wa uzazi umelegea. Moyo unapiga mia na thelathini kwa dakika. Damu haikomi, naogopa, na nataka daktari akuangalie sasa hivi."

Uaisele akafika kitandani kwa hatua mbili, naye akamwambia mgonjwa:

"Sisilia, nimesikia. Pedi tatu, mfuko umelegea, mia na thelathini. Sasa unachomwa sindano ya kukaza mfuko, na chupa mbili za damu zinaletwa."

"Sisilia, sindano sasa, chupa mbili," Kalolaine akarudia, sindano tayari mkononi.

"Mbona mnaniambia mimi?" Sisilia akauliza, midomo myeupe. "Mimi si nimelala tu?"

"Nyamaza, mama. Leo wewe ndiye mlango wetu, maneno yetu yanapitia kwako," Kalolaine akamjibu.

"Chupa mbili, Sisilia!" nami nikapaza, nikatimka na goti langu bovu. Ile korido sijawahi kuikimbia vile.

Adhuhuri damu ilikuwa imekoma. Siku hizi wodi nzima inakabidhiana zamu hivyo: anayetoka humweleza mgonjwa, anayeingia humrudishia mgonjwa yaleyale, na likikosewa jambo, mgonjwa mwenyewe anapiga kelele. Haya ya watu iko palepale, hakuna aliyeivunja. Mkubwa mmoja alishuka kutoka ofisini, akataka litengenezwe bango. "Litundike ofisini kwako," Kalolaine akamjibu, akaendelea kupima joto. Nimewasikia wasemaji wengi maishani mwangu, na kelele nimepiga mwenyewe. Mbele ya mama huyu navua kofia.

Jioni ya Jumatatu hiyo Sisilia alinishika mkono, mtoto kifuani.

"Mjomba, siku niliyozaliwa, mama aliambiwa nini?"

"Hakuna aliyemwambia kitu."

"Basi niambie mimi."

Nikaegesha machela, nikakaa, nikamweleza yote, kuanzia karatasi chini ya sinia hadi mlango niliosimama nje yake.