Taulo Jipya la Mgeni

Mdogo wangu Tuncay alitaka kumtembeza mgeni kwenye magofu ya Laodikeia, mji wa kale wa Warumi, kabla ya mazungumzo. Mimi nilitaka mgeni asaini mkataba kwanza. Mnunuzi mkubwa tuliyebaki naye ni huyu Henrik, Mdenmark, na kama asingesaini, nusu ya mitambo yetu ya taulo ingezimwa. Lakini kiwanda ni cha Tuncay, mimi nasimamia ufumaji tu. Tukaenda.

Julai ya Denizli, mji wetu wa Uturuki, haina huruma. Tulipanda barabara ya Warumi katikati ya nguzo nyeupe, na chini bondeni viwanda vinafuka moshi.

"Mwambie, dada, hata Warumi walivaa sufu ya hapa."

"Amesoma kibao, Tuncay. Ana macho."

Tuliporudi langoni, Henrik alinawa uso bombani, akatoa zawadi aliyopewa na Tuncay asubuhi: taulo jeupe, utepe haujafunguliwa. Akaufungua, akajifuta. Maji yakateleza mpaka kwenye kola. Akajifuta tena, kisha akalitazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza.

"Mbona halinyonyi maji?" aliniuliza kwa Kiingereza.

Nilimgeukia Tuncay. "Hukulifua?"

"Zawadi inafuliwa, dada? Nimpe mgeni kitu kilichotumika?"

Ndivyo tulivyo. Kila mtu Denizli anajua kwamba taulo jipya lina dawa ya kulilainisha, halinyonyi vizuri mpaka lifuliwe. Na hakuna anayethubutu kumpa mgeni lililofuliwa.

Nikavua taulo langu shingoni.

"La jasho hilo! Unaniua!"

"Nyamaza."

Nilimmwagia Henrik maji mkononi, nikapitisha taulo mara moja. Mkono ukakauka. "Mtambo uleule, uzi uleule," nilimwambia. "Hili nalifua tangu binti yangu anaanza shule. Sasa ameolewa."

Alilifinyafinya. "Nataka hili."

"Hili langu. Yako tutayafua kabla ya kuyafunga, na kufua utalipia."

"Umemwambiaje?" Tuncay alinong'ona.

"Kwamba atalipia."

"Mungu wangu, atakimbia!"

Henrik alijifuta uso kwa taulo langu, polepole, mpaka nyuma ya masikio. Kisha akauliza kama mkataba tumeuacha ofisini.

"Kwanza aone ukumbi wa michezo ya kale!" alisema Tuncay nilipomtafsiria, uso umemng'aa.

"Atauona kesho," nikamjibu, nikafungua mlango wa gari.