Goti, Paja, Kitovu

Kando ya meli kongwe ya makumbusho, Roddy alikuwa anasugua upondo wake wa zamani kwa msasa tangu saa mbili asubuhi, na mikono ilishaanza kumwasha. Mti wenyewe mrefu kama watu wawili. Kazi aliyopewa ni nyepesi: afute mikwaruzo yote, apake pete nyekundu na nyeupe, aurudishe kwenye meli. Akiifanya vizuri, Gwen, msimamizi wa meli, atampa kazi mpaka theluji ianguke. Mwaka ule alishafukuzwa sehemu mbili, moja kwa sababu ya mdomo, nyingine kwa kulala. Hii alikuwa anaitaka kweli.

Bibi yake, Leona, akatokea na fimbo yake, mfukoni kafungasha samaki mkavu aina ya samoni.

"Wewe, miguu ya korongo! Amka unitembeze."

"Bibi, niko kazini."

"Na mimi nina miaka themanini na mbili. Baba yangu alifanya kazi kwenye meli hii maisha yake yote, mimi nimeishia kuiangalia toka gatini. Siku zile watoto wetu sisi wenyeji walikuwa hawaruhusiwi kupanda. Haya, nipe mkono."

Meli inaitwa Evelina. Imewekwa nchi kavu, kando ya mto Yukon, juu ya magogo. Roddy aliipita kila siku ya utoto wake akaiona kopo kubwa tu lililosahaulika. Leo, kwa vile Bibi alikuwa anasimama kila hatua, na yeye ikabidi aangalie.

Wakaingia kwenye chumba cha boila, tanuri la kuchemshia maji ya mvuke. Tumbo la chuma lile, watu wanne wangeweza kulala ndani na mmoja akakoroma. Lilikula kuni mlima mzima kwa safari moja. Kule nyuma, gurudumu la kupigia maji lilikuwa refu kuliko nyumba ya Bibi, mbao zake zimefungwa kwa boliti nene kama mkono, na hakuna hata moja iliyolegea. Roddy akaigonga moja kwa kiganja. Nani alifunga hii? Kwenye baridi gani? Mtu aliyefunga vile hakuwa anangoja saa ya kutoka.

"Umenyamaza," Bibi akasema. "Unaumwa?"

"Naangalia tu."

"Afadhali. Nilidhani macho umeweka ya urembo."

Juu, kwenye chumba cha usukani, Bibi akashika usukani kwa mikono miwili, akacheka peke yake. Halafu akauliza, "Upondo wa baba uko wapi?"

Roddy akamgeukia. "Upondo gani?"

"Alikuwa anasimama mbele kabisa, anachomeka mti majini, anampigia nahodha kelele kina kikoje. Mto huu kila wiki unahamisha mchanga. Bila yeye meli inakwama."

Wakashuka. Upondo ulikuwa juu ya vitegemeo vya mbao, unga wa msasa chini. Bibi akapitisha vidole pale ambapo msasa ulikuwa haujafika. Chale mbili, zimekatwa kwenye mti kwa kisu. Mbele kidogo, chale tatu. Halafu nne. Halafu laini tupu.

"Baba hakujua namba," akasema polepole. "Alijipima mwilini akakata. Alikuwa anapiga kelele kwa lugha yetu: goti! paja! kitovu! Nahodha mzungu hajui neno letu lingine hata moja, lakini hayo matatu aliyajua. Goti, rudi nyuma. Paja, taratibu. Kitovu, pita. Na kifua, chapa mwendo. Kifua kiko wapi, Roddy?"

Roddy akaangalia msasa mkononi. "Nimekifuta."

Bibi akarudisha vidole kwenye ile laini, akaipapasa taratibu. Hilo ndilo lililomuuma.

Gwen akaja anafuta mikono. "Bado tu? Rangi itakauka saa ngapi?"

"Siendelei," Roddy akasema.

"Nini?"

"Siendelei. Hii sio mikwaruzo."

"Roddy, kwenye picha za zamani kuna pete za rangi. Kila upondo wa mto huu ulikuwa na pete. Ukinigomea, kesho usije."

Roddy akaushusha upondo kutoka kwenye vitegemeo. Akausimamisha upondo wima, ncha yake ya chini ikagusa ardhi. "Bibi, simama hapa. Baba yako alikuwa na urefu gani?"

"Kama wangu. Walimwita Kisiki."

Bibi akasimama akajinyoosha. Chale mbili zikagusa goti lake. Tatu, paja. Nne zikakaa sawasawa na kitovu, juu ya kifungo cha sweta. Gwen akainama, akaangalia, akainuka, akainama tena. Uso wake ukabadilika.

"Basi pete hatupaki. Huyo mzee jina lake nani?"

"Amos," Bibi akasema. "Andika vizuri."

Roddy akachomoa kisu. "Kifua nitakikata upya. Nimeshaona mahali pake."

"Weka hicho kisu!" Bibi akamchapa fimbo mguuni. "Hukukata wewe. Umefuta wewe. Pakae hivyohivyo, na watu wakiuliza, utajibu wewe."

Jumamosi wageni wa kwanza wakapanda. Mama mmoja akapapasa upondo, akafika pale palipo laini.

"Na hapa juu palikuwa na nini?"

"Kifua," Roddy akajibu. "Mimi ndiye niliyekifuta. Ngoja nikuonyeshe yule mzee alivyokuwa anasimama."

Akauchukua, akaenda mbele kabisa ya meli, akapiga kelele mpaka watu wa barabarani wakageuka: "Kitovu! Pita!"