Mholanzi wa Pumwani

Wakati wa Hali ya Hatari huwezi kucheza mchezo wa uhuru wa Kenya, labda kama umechoka kulala kwako. Basi Haidari, fundi cherehani wa Majengo, akatunga wa Indonesia.

"Wale wanavaa kofia na kikoi kama sisi," alituambia. "Serikali itaona wageni, watu watajiona wenyewe."

Mchezo wote ulitegemea jibu moja. Mholanzi, mkoloni wao, atadai kipande, kile cheti ambacho Mwafrika hatembei bila nacho, na Haidari, ndiye shujaa, atasema: "Sina! Hii ni nchi yangu!" Hapo ukumbi ulipuke.

Nafasi ya Mholanzi tuliigombania wote, maana ndiye peke yake mwenye kiti jukwaani. Akapewa Ochola wa reli, kwa ajili ya kaptula yake iliyonyooka kwa pasi.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Ochola akainuka, akanguruma: "Wewe! Kipande!"

Watu wote wakaingiza mikono mifukoni. Mzee Abdurahim, safu ya mbele, alishainua chake juu. Nikamtazama Haidari. Kofia ameivua, kipande anakitoa kwa mikono miwili.

"Baba Muhiba!" mkewe Lela akapiga kelele. "Kataa, bwana! Si wewe shujaa?"

"Mkono umezoea, mama," akanong'ona.

Ochola naye alichanganyikiwa. Akakigeuzageuza kile kipande, akamrudishia.

"Sawa. Pita."

Haidari akapita, akatokea mlango wa nyuma. Tukafunga pazia, Indonesia ikiwa bado ya Uholanzi. Aliyepiga makofi alikuwa mmoja tu, askari wa mlangoni.