Mtoa Mpira wa Pell River

Tavion Leggett alipowakusanya wenzake kwenye duara, alimgeukia Dorsey Mabry akamwambia, "Hollis, tunakwenda kushoto."

Hakuna aliyecheka. Hollis ni kaka yake Dorsey. Aliwahi kweli kuichezea Pell River, timu ya chuo chao ya mpira wa Kimarekani, lakini alivua jezi hiyo miaka mingi kabla Tavion hajakanyaga chuo, na siku hizi anauza matairi mjini huku goti lake moja halikunjiki. Dorsey alimtazama Tavion kupitia vyuma vya kofia. Macho yake yalikuwa wazi, ila yalikuwa kama ya mtu anayesikiliza redio ya nyumba ya jirani.

"Kushoto," Dorsey akarudia kwa sauti ili wengine wasipate nafasi ya kuuliza. Wakaenda kushoto.

Muda mfupi kabla ya hapo, jitu moja la timu ya wageni lilikuwa limemvaa Tavion ubavuni na kumbwaga kwa kisogo. Mlio ule Dorsey aliusikia hadi kwenye meno. Tavion aliinuka upesi mno, kama mtu aliyeteleza mbele ya wakwe, akajipangusa nyasi na kupiga makofi. Uwanja mzima ukamshangilia.

Kazi ya Dorsey ilikuwa moja. Kila mara aliinama juu ya mpira uliolala chini, akaupitisha katikati ya miguu yake hadi mikononi mwa Tavion, kisha akainuka kuwazuia wanaokuja kumrarua mwenzake. Tavion ndiye mrushaji. Picha yake ilibandikwa kwenye ukuta wa benki, na watoto wa Mississippi nzima walivaa namba yake. Dorsey hakuna aliyemjua zaidi ya mama yake na wale aliowaangusha. Lakini yeye asipouachia mpira, mchezo hauanzi.

Wakati wa mapumziko alimkuta Tavion chooni, amepiga magoti, bomba la maji amelifungulia ili asisikike.

"Funga mlango, kaka."

"Tay, unatapika."

"Ni wale kambare wa asubuhi."

"Asubuhi tumekula mayai. Tumekaa meza moja." Dorsey akachutama, akanyoosha mkono. "Vidole vingapi hivi?"

"Acha hizo."

"Nakuuliza."

"Naona vyako, na vya pacha wako." Tavion akacheka, kicheko kikamuumiza kichwa, akafumba macho. "Sikiliza, D. Ni nusu moja tu imebaki. Nusu moja! Nikitoka leo, fungu la mwisho halitoki. Unajua mkataba wangu unavyosema."

Dorsey alijua. Wote walijua. Enzi za Hollis mchezaji wa chuo alipewa darasa, kitanda na sahani ya chakula, na akipokea hata viatu kutoka kwa mpenzi wa timu anafukuzwa. Sasa chuo chenyewe kinalipa, na matajiri wa mji wanaongezea juu yake. Kwa Tavion, kama kwa wenzake, walikuwa wameweka sharti: fungu kubwa la mwisho hutoka akicheza mechi zote za msimu mpaka filimbi ya mwisho. Hii ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tena wakishinda wanaingia kwenye mtoano wa taifa, na hapo kila mtu timuni, hata anayebeba chupa za maji, ana chake.

"Mama hawezi kurudi kule kiwandani," Tavion akasema. "Umeiona mikono yake."

Dorsey alikuwa ameiona. Bi Ernestine alikuwa amekata mapaja ya kuku kwenye kiwanda chenye baridi tangu Tavion ananyonya, mpaka vidole vikafa ganzi, kikombe kinamponyoka bila yeye kujua. Mwanawe alipopata mkataba, jambo la kwanza alilofanya ni kumwachisha kazi na kumwingiza kwenye nyumba yenye baraza. Dorsey alikuwa amekula kwenye nyumba ile Jumapili nyingi, akasukumiwa mkate wa mahindi mpaka akaomba msamaha.

Walipotoka, Daktari Prewitt alikuwa anawasubiri. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ndogo, na kazi yake timuni, kuwazuia walioumia wasicheze, ilimfanya apendwe na watu wachache. Akammulika Tavion machoni, akamwambia, ili kumpima kichwa, ataje miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Tavion akaitiririsha kama wimbo. Kila mchezaji anaijua miezi ile kinyumenyume. Huifanyia mazoezi tangu shule.

Daktari hakuridhika. "Dorsey, wewe uko naye muda wote. Umeona chochote?"

Nyuma ya daktari alisimama Kocha Rourke, anatafuna ubani polepole. Tavion hakumwangalia Dorsey. Aliangalia viatu vyake.

"Yuko sawa, daktari," Dorsey akasema.

Nusu ya pili Tavion aliicheza kwa mazoea, kama mtu anavyoshuka ngazi za kwao gizani. Mikono ilijua la kufanya, kichwa hakikuwepo. Kila duara Dorsey alisogea karibu, akamnong'oneza mpango uliotoka kwa kocha, Tavion akausema kwa sauti, wenzake wakaufuata. Kwa namna hiyo wakafunga mara moja, na Dorsey akaanza kujidanganya kwamba jua litazama salama.

Halafu wageni wakafunga. Pell River wakawa nyuma kwa pointi chache, saa inakwisha, mpira uko kwao. Tavion akarusha, akapigwa tena. Safari hii hakuinuka upesi. Alikaa kitako, akaangalia mikono yake pande zote mbili, akasimama, kisha akatembea taratibu kuelekea kwenye duara la wapinzani.

Dorsey akamkimbilia, akamvuta kwa jezi. "Huku, Tay. Kwetu ni huku."

"Najua." Hakujua. "D, mipira inakuja miwili."

"Unasemaje?"

"Ukinipa, inakuja miwili. Usijali. Nadaka wowote utakaofika kwanza."

Wakajipanga. Dorsey akainama, akaweka mkono juu ya mpira. Mbele yake, pua kwa pua, alichutama mlinzi wa wageni, mweusi kwa matope, meno nje.

"Mtoe mtoto wako, mnono," yule mlinzi akasema. "Amelewa yule. Mpe mpira tumlaze mapema."

Ulikuwa utani tu wa uwanjani, na Dorsey alikuwa amesikia mabaya zaidi kuhusu mama yake. Lakini huyu adui alikuwa ameona. Mtu wa upande wa pili alikuwa ameona alichokana yeye mbele ya daktari.

Nyuma yake Tavion akapaza sauti ya kuomba mpira. Vidole vya Dorsey vikakaza. Havikuachia.

Tavion akaita tena. Watu sabini elfu walikuwa wanapiga kelele, lakini Dorsey alisikia pumzi yake mwenyewe tu ndani ya kofia. Jasho likamwingia jichoni. Saa ndogo ya kuanzisha mchezo ikaisha, mwamuzi akapuliza, wakarudishwa nyuma kwa adhabu ya kuchelewa.

"Dorsey!" Boone, mtu wa kulia kwake, akamsukuma bega. "Hukusikia?"

"Nimesikia."

Wakajipanga tena. Tavion akaita, sauti imepasuka. Mpira ukabaki chini. Filimbi. Wakarudishwa tena nyuma.

"Wewe vipi wewe?" Boone akamkamata jezi. "Nina mtoto mimi! Mwenzako nina mtoto, unasikia? Achia mpira!"

Kocha Rourke aliomba muda, akaingia uwanjani uso umewiva.

"Mkono umevunjika?"

"Hapana, Kocha."

"Basi una wazimu?"

"Tay ametapika mapumziko. Ananiita Hollis. Haoni. Mtoe, Kocha."

Kocha hakumtazama Tavion hata kidogo, na hilo Dorsey hakulisahau. Mtu asiyejua angegeuka kutazama. "Anayeamua nani anacheza hapa ni mimi."

"Na anayetoa mpira ni mimi."

"Ulikuwa wewe," Kocha akasema. "Nenda kakae." Akamwita mwingine wa kushika nafasi yake.

Dorsey alivua kofia akatoka, lakini hakwenda kukaa. Alikwenda moja kwa moja kwa Daktari Prewitt.

"Nilikudanganya," akasema. "Hayuko sawa. Hakuwa sawa tangu mwanzo."

Daktari alimtazama kwa namna iliyomfanya Dorsey aone afadhali apigwe kofi. Kisha akatembea hadi katikati ya uwanja, akamvua Tavion kofia na kumwuliza jambo moja: nani anaongoza? Tavion akageukia ubao mkubwa wa matokeo, ubao wa ukubwa wa nyumba, akaukodolea macho. Midomo yake ikacheza. Hakupata jibu.

Daktari akaibana ile kofia kwapani, akamshika Tavion mkono na kuondoka naye. Mchezaji bila kofia hachezi. Kocha aliwafuata hatua kwa hatua akibwata. Yule mwanamke hakugeuka. Uwanja ulipoelewa kinachotokea, ukaanza kuzomea, na mzomeo ule ulishuka kutoka juu kama mvua ya mawe.

Aliyeingia badala yake alikuwa Wendell Sipes, wa mwaka wa kwanza. Alirusha vizuri mara mbili. Ya tatu ikadakwa na wageni, na msimu ukaisha.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hakuna aliyemsemesha Dorsey. Boone alikaa na taulo usoni. Baadaye mtu, hakuona nani, alimtupia buti, likampata mgongoni, hakugeuka. Simu yake ilikuwa imejaa matusi ya watu asiowajua, na ya mmoja anayemjua, aliyemfundisha Biblia kanisani.

Hospitali alikwenda peke yake. Alikuwa bado hajafika mlangoni mwa wodi Bi Ernestine alipoinuka kwenye benchi, akiwa bado na gauni lake la njano la kwenda uwanjani.

"Simama hapo hapo."

Dorsey akasimama. Alikuwa amejiandaa. Njiani alikuwa ametunga maneno kuhusu nyumba, kuhusu fungu la mwisho, kwamba angelipa kidogo kidogo maisha yake yote.

"Umekula mezani kwangu, wewe."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu ameniambia alitapika mapumziko. Ukamwona."

"Ndiyo, mama."

"Ukamrudisha uwanjani." Sauti yake haikupanda. "Wanakusema huko nje kwa kumtoa. Mimi sina neno na hilo. Mimi nauliza ile nusu ya pili. Nusu nzima, Dorsey, mwanangu anapigwa kichwani, ulikuwa wapi?"

Dorsey akaiangalia mikono ya yule mama.

"Alisema ni kwa ajili ya mikono yako," akasema.

Bi Ernestine akainua mikono yake, vidole vimejikunja kama vya mtu anayeshika kisu hata akiwa hana kisu. "Hii niliiua mwenyewe, kwa hiari yangu. Sikumtuma mtu aniletee kichwa cha mwanangu kama malipo." Akakaa. Kisha akasogea kidogo, ikabaki nafasi kwenye benchi. Dorsey hakujua kama ni ya kwake. Akakaa, wakasubiri pamoja.

Picha za kichwa hazikuonyesha damu. Daktari wa hospitali alisema picha hazionyeshi kila kitu, na kwamba pigo jingine moja juu ya yale lingeweza kuwa jambo kubwa, au lisiwe kitu. Mji ulisikia hilo la pili tu. Kwa vinyozi na kwenye vituo vya mafuta ikasemwa kwamba Dorsey Mabry aliuchoma msimu mzima kwa sababu ya maumivu ya kichwa.

Fungu la mwisho halikutoka. Mkataba ni mkataba, walisema matajiri. Bi Ernestine aliihama ile nyumba yenye baraza, akapata kazi ya kugawa chakula kwenye shule ya msingi. Tavion alikaa wiki kadhaa kwenye chumba chenye giza, mapazia yamefungwa, na Dorsey alipokwenda kumwona alimpa mgongo.

"Ungeniuliza," akasema, uso ukutani.

"Nilikuuliza. Ulisema nina pacha."

"Ungeniuliza tena!"

Dorsey akaondoka.

Kocha alimweka Dorsey benchi kwenye mazoezi, na mkataba wake wa mwaka uliofuata ulipokuja ulikuwa umepunguzwa nusu. Hollis aliusoma dukani kwake, amekaa juu ya rundo la matairi na goti lake amelinyoosha.

"Mimi nilivunjika bure," akasema. "Nyie angalau mnavunjika kwa bei. Saini."

"Kuna sharti lile lile humu. La kucheza mechi zote."

"Basi usisaini. Lakini usije hapa kunililia." Akafikiri kidogo. "Gari la kubebea matairi linahitaji mtu mwenye mgongo. Kama yatakushinda huko."

Dorsey alirudi chuoni akawaambia viongozi atasaini sharti lile likifutwa. Walimwambia wenzake wote wameshasaini. Akawaambia na mwaka jana walisaini wote, yeye akiwemo. Kiangazi chote alibeba matairi, akamalizia masomo kwa kulipa mwenyewe, na hakuichezea Pell River tena.

Tavion alihamia chuo kimoja Texas, kwa pesa pungufu. Ilikuwa mwezi wa kumi, Dorsey yuko chini ya gari dukani, simu ilipoita. Kwanza alisikia kelele za mazoezi, filimbi na vijana wanacheka.

"D."

"Tay. Kichwa?"

"Kipo. Jua kali ndilo linanisumbua. Huyu anayenipa mpira hapa ni kijana mzuri. Ana nguvu kukushinda."

"Vizuri."

"Jana niliangushwa kwenye mazoezi, nikainuka, dunia inazunguka. Nikajipanga nyuma yake, nikaita. Akanipa." Tavion akavuta pumzi. "Ananipa tu, kaka. Hata nikiwa maiti yule atanipa."

Dorsey alijiburuta kutoka chini ya gari, akakaa sakafuni na mikono yake yenye grisi.

"Umemwambia daktari wa huko?"

"Bado."

"Tay."

"Bado, nimekwambia."

"Basi usikate simu," Dorsey akasema. "Nenda nayo mpaka mlangoni kwa daktari. Mimi nipo."

Akasubiri. Upande wa pili akasikia viatu vya njumu vikiacha nyasi na kuanza kugonga saruji.