Mashine ya Mikorosho kwa Daktari wa Meno

Msimu wa kupulizia mikorosho ukiingia, Bi Hajra alifungasha kanga zake akaikimbia Ruangwa. Hakukimbia njaa wala ugomvi. Alikimbia salfa. Majirani wakianza kurusha ule unga wa njano mitini, kifua kilimbana, akakohoa mpaka macho yakamtoka, na mwaka mmoja nusura wamzike. Kimbilio lake lilikuwa Nachingwea mjini, kwa bintiye Zulfa, aliyekuwa akifanya usafi kwenye kliniki ya meno ya Daktari Fidelis. Mwaka huu alikuja na jino bovu pia, na ndani ya basi njia nzima aliwatambia watu: "Nakwenda kung'olewa kwa mwanangu. Yeye ndiye anayepasafisha pale, pasingekuwa pasafi nisingekwenda."

Na kweli Zulfa alikuwa msafi. Kila mgonjwa akishuka kitini, alifuta kiti, taa, trei, mpaka vishikio vya droo, kwa kitambaa chenye klorini. Kisha alifungua madirisha, hewa ibadilike, maana mashine ya kuchonga meno ikizunguka inarusha mate na damu hewani, na anayefuata anakuja kuyavuta. Kazi hiyo haitaki pupa. Fidelis alitaka pupa. Akiona benchi limejaa watu wa Naipingo na Nambambo, alichungulia mlangoni akapiga kelele: "Zulfa, unafuta kiti au unaosha maiti?"

Ndipo shemeji wa daktari, Teofili, alipoleta akili zake. Alikuja na mashine ya kubeba mgongoni, ile ile anayopulizia mikorosho yake, eti watie maji ya klorini wapulize chumba kizima mara moja, hewa na kiti na taa, waende zao. Jamani! Mtu mzima na koti lake jeupe, kasoma vyuo, akakubali! Asubuhi mashine iko kliniki, mchana Teofili anaipeleka shambani Mkotokuyana, kesho inarudi. Tangi walilisuuza, ndiyo, lakini kusuuza kwenyewe kwa kutimiza wajibu tu. Siku ya kwanza Zulfa alivuta pumzi moja akaijua harufu.

"Daktari, humu mna salfa."

"Hiyo ni harufu ya usafi. Na ukithubutu kuwaambia wateja, utafute pengine pa kufanya kazi."

Zulfa akaenda kufungua madirisha. Kazi yenyewe aliisotea mpaka akaipata.

Na wateja sasa! Wakulima wa korosho hao, mashine wanaiamini kuliko sindano. "Kama inamaliza ugonjwa wa ubwiri unga wa mikorosho, itashindwa na vidudu vya meno?" alisema mama mmoja, Prisila, na benchi zima likacheka kwa kuridhika. Waliokohoa walisema dawa imeingia.

Siku ya mama yake ilipofika, Zulfa alimketisha mwisho wa benchi, upande wa barabarani, harufu isimfikie. Akamfuata Fidelis. "Daktari, nakuomba, kwa huyu mmoja tu mashine ikae pembeni. Ana kifua. Nitafuta kwa mkono." Fidelis aliguna, akakubali. Basi Zulfa akafuta kila kitu kwa raha kama zamani, madirisha wazi, mpaka harufu yote ikaisha. Moyo ukamtulia. Akatoka kumwita mama.

Bi Hajra hakunyanyuka. "Mbona sijasikia mashine?"

"Leo nimesafisha kwa mkono, mama."

"Kwa mkono?" Alipaza sauti, kwa kuwa tangu asubuhi alikuwa akiwasimulia wenzake sifa za mwanawe. "Watu baki wote wamepuliziwa, mimi niliyekuzaa nafutiwa na tambara? Unaniaibisha mbele za watu, Zulfa?"

"Mama, kifua chako..."

"Kifua changu ugomvi wake na salfa. Kwani hapa kuna salfa?"

Benchi zima likamgeukia Zulfa. Mlangoni Fidelis alisimama, mikono mfukoni, akimkazia macho. Angesema ndiyo, watu wangeinuka na kuondoka, kazi ingemtoka, na mama angebaki mzima. Neno alikuwa nalo mdomoni, haki ya Mungu alikuwa nalo.

"Hakuna, mama," alisema.

"Basi washa."

Akaiwasha kwa mikono yake mwenyewe. Bi Hajra akaingia kwa madaha, akaketi kitini ukungu haujatua, akajiwekea kanga vizuri mapajani. Hata kinywa hakuwahi kukifungua kwa daktari. Alikohoa, akakohoa tena, akaling'ang'ania gauni la Zulfa. Macho yakamtoka vile vile kama kule Ruangwa, na Zulfa aliyeyatazama alijua kwamba mama ameitambua harufu. Walimbeba mbiombio kwenye pikipiki, Zulfa kamshika kwa nyuma. Walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Walimzika Ruangwa, na mikorosho ya pale ilikuwa imejaa unga wa njano. Fidelis naye alikuja. Akakaa na wanaume, akawaeleza kwa upole kwamba moyo wa marehemu ulikuwa dhaifu na wagonjwa wengi wanaogopa kung'olewa, wakamshukuru kwa kujisumbua safari. Kisha akasogea kwenye mikeka ya wanawake. "Pole sana, dada. Kazi ya Mungu haina makosa."

Zulfa akasimama. "Mle ndani mna salfa!" alipiga ukelele. "Kwenye kliniki yake mna salfa! Mama aliniuliza, nikamwambia hakuna!"

Wanawake wakaguna kwa huruma. Shangazi yake akamvuta, akamkalisha, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Nyamaza, mwanangu, ni uchungu huo," alisema. "Salfa iko huku kwetu. Kwako ndiko alikokuwa akikimbilia kuinusuru nafsi yake."