Maji Yanayosukuma kwa Nyuma

Sasa huyu Yarow alikuwa amebeba maji miaka kumi na nane, na miaka yote hiyo hakuwahi kuota gari hata mara moja. Alikuwa anaota ngamia wa baba yake, anaota shangazi yake marehemu akimwita aje ale, mambo ya kawaida tu. Mpaka siku ile, kwa laga, ule mto mkavu wa mchanga, trela ilipomsukuma.

Ilikuwa hivi. Aliteremka kwa laga, akakanyaga breki, pikapu ikatii. Lakini nyuma kulikuwa na trela, na juu ya trela tangi la lita elfu mbili, na hilo halikusikia kitu. Lilikuja tu. Lilimsukuma polepole, kama mtu anasukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe, mpaka pikapu ikalala ubavu kwa mchanga. Yarow alitoka kwa dirisha bila mkwaruzo, akakaa chini, akaangalia maji yakiingia ardhini mpaka ya mwisho.

Miezi minne imepita. Pikapu ilinyooshwa, tangi likazibwa. Yeye ndiye hakunyooka. Kila akifunga macho trela inakuja, na kwa ndoto haina haraka. Barabara ni nyeupe, imenyooka, hakuna sauti hata ya injini, halafu anasikia pumzi kwa shingo. Akitupa jicho kwa kioo, tangi limekuwa kubwa kama msikiti. Anakanyaga breki, na mguu unazama ndani ya breki kama ndani ya uji.

Usukani hakuugusa tena. Binamu yake Keinan alikuja kumwambia kwa heshima, bila dharau yoyote: "Ijumaa nitapitia funguo. Nitaendesha mimi, wewe pumzika." Na pale Galbet kila mtu anajua, dereva akishapumzika, amepumzika.

Hiyo ilikuwa Alhamisi sasa, asubuhi, na Fowsiya alikuwa amelala chini ya mkono wa trela, miguu tu ndiyo ilionekana. Fowsiya ni mtoto wa dada ya Yarow, fundi wa umeme wa magari, msichana ambaye madereva walimcheka mwaka wa kwanza na mwaka wa pili wakaanza kupanga foleni. Anamwita Yarow abti, yaani mjomba, na Yarow naye anamrudishia abti vilevile, kwa sababu Wasomali wanaitana hivyo. Mgeni akiwasikia anaweza kushindwa kujua nani mkubwa.

"Abti, hii trela ilikuja na breki zake," alisema kutoka huko chini. "Za umeme, ndani ya magurudumu. Unajua?"

"Sijui."

"Hakuna mtu aliwahi kuziunganisha. Zimelala humo tangu siku ya kwanza."

Yarow aliangalia magurudumu. Miaka yote hiyo amevuta kitu kilicholala.

Fowsiya alitoka, akapangusa mchanga kwa buibui, akamwonyesha kisanduku cheusi, kidogo kama mkate wa nusu. Alikifunga kwa bolti kwenye mkono wa trela. Plagi ya trela ikaingia upande huu, na kutoka upande ule waya fupi ikaingia kwa soketi ya taa, nyuma ya pikapu.

"Na waya ya kuja kwangu mbele?"

"Haiko. Inaongea na simu kwa hewa."

"Kwa hewa."

"Kwa hewa, abti. Kama Wi-Fi."

"Wi-Fi ya nyumbani kwenu mtu akipita mlangoni inakatika."

"Hata ikikatika, ukikanyaga breki ya mguu, umeme wa taa za breki unaiamsha. Hiyo inapita kwa waya. Simu ni ya kuiambia ishike kwa nguvu gani, na ya kuishika wewe mwenyewe ukitaka. Usitafute sababu."

Kweli Yarow alikuwa anatafuta sababu.

Taa ya kisanduku iliwaka, ikafifia, ikazima. Ikawaka tena, ikazima. Fowsiya alifungua bolti ya waya ya ardhi, akachukua kisu, akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akairudisha. Taa ikakaa buluu. Akafinya kitufe, akasubiri simu na kisanduku vijuane, ikawa kijani.

Akainua gurudumu moja kwa jeki. "Zungusha."

Yarow alizungusha kwa mkono. Gurudumu likaenda, likaenda, na Fowsiya akabonyeza simu kwa kidole gumba. Ndani yake kukatoka mlio mdogo, mmm, kama mtu anaitikia akiwa usingizini, na gurudumu likasimama. Yarow aliweka kiganja juu ya mpira, akakiacha hapo kidogo.

Wakajaza tangi mpaka juu. Fowsiya akapanda upande wa abiria, akaweka funguo kwa kiti cha dereva, akaangalia mbele kama hajali.

Mtu akiumwa na nyoka, hata kamba anaruka. Yarow alizunguka pikapu mara mbili. Alisema bismillahi, akaingia, na mikono ikakumbuka kazi yake kabla ya moyo. Wakatoka mji, wakashika barabara ya Dadaab. Joto lilikuwa limeshaanza kumwaga yale maji ya uongo juu ya lami, ile bahari ndogo inayokimbia mbele na hufiki. Pikapu ilionekana kama inaelea, na nyuma yake tani mbili za maji ya kweli.

"Arobaini," Fowsiya alisema. "Shikilia hapo. Usiguse breki ya mguu."

Akabonyeza. Nguvu ya tatu haikufanya kitu. Tano, trela ikavuta kidogo, kama mtoto ameshika upindo wa kanzu. Saba, pikapu yote ikapungua, na mguu wa Yarow ulikuwa sakafuni, haujakanyaga kitu. Nane, magurudumu ya nyuma yakalia. Akairudisha saba.

"Hapo ndipo," alisema. "Saba. Sasa kanyaga ya mguu."

Akakanyaga. Vyote viwili vikasimama pamoja, polepole, bila msukumo. Kimya kilikuwa kingi mpaka wakasikia maji yakirudi nyuma ndani ya tangi. Yarow alicheka kwa pua.

Maji yalikuwa ya bulla moja, kijiji cha kabla ya Ifo, kwa hivyo wakaendelea. Na huku, mtu akisimama kando ya barabara na mtungi, hupiti na maji. Hakuna sheria imeandikwa, lakini ukipita utasikia habari zako mpaka Bute. Wanawake wawili walikuwa na mikokoteni ya punda. Yarow akasimama, mitungi ishirini na nne ikajaa. Mbele, mzee alikuwa na ngamia wanane dhaifu na karai la kunyweshea, akasimama tena. Ngamia walikunywa kwa utulivu, macho nusu yamefungwa, na Yarow mwenyewe akaanza kusinzia akiwa wima, mkono kwa bomba, jua likimpapasa kisogoni. Walipoondoka, tangi lilikuwa nusu, hata chini ya nusu.

Wakafika kwa laga. Si ile. Ingine. Aliteremka taratibu, akaona mbuzi kwa lami, akakanyaga breki.

Magurudumu ya trela yalikwama yote mara moja. Yakalia, na trela ikaanza kupita pembeni, tangi likaingia kwa kioo, likakijaza. Yarow aliona ile barabara nyeupe. Lakini mguu haukuzama. Aliuinua kidogo tu, magurudumu yakazunguka, trela ikarudi nyuma yake, na wakasimama chini kwa mchanga, wamepinda kiasi. Mbuzi aliwaangalia akaenda zake.

Fowsiya alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili. "Ni mimi," alisema mwishowe. "Nimeipima na tangi likiwa limejaa. Saba ni ya kujaa. Tumegawa maji yote hayo na sikugusa kitu. Samahani, abti. Njoo upande huu, niendeshe mimi mpaka bulla."

Yarow hakusogea. Kichwa kilikuwa kimetulia ajabu, kama maji baada ya jiwe kuzama. Siku ile trela ilimsukuma kwa sababu imelala. Leo imemshika kupita kiasi kwa sababu imeambiwa ni nzito na si nzito tena. Haina chuki naye. Inauliza tu nimebeba nini.

"Nipe simu," alisema.

"Unajua kuitumia?"

"Nipe."

Akashusha mpaka nne kwa kidole chake kinene, akakosea mara ya kwanza ikawa mbili, akarudisha. Wakapanda kutoka kwa laga. Kwa tambarare akajaribu arobaini, akabonyeza mwenyewe, akasikia ule mvuto wa upindo wa kanzu. Nne ilitosha. Akajaribu mara ya pili, si kwa kuhakikisha, kwa sababu ilikuwa tamu.

Akamrudishia Fowsiya simu, ikalia mkononi mwake. Ilikuwa Keinan.

"Anauliza kesho aje saa ngapi kwa funguo."

"Mwambie aje kula chakula cha mchana," Yarow alisema. "Funguo hapana. Nina safari."

Mbele kidogo bibi mmoja alikuwa amesimama chini ya jua na mitungi yake kwa mstari. Yarow akasimama, akatoa kichwa kwa dirisha.

"Salaam aleikum, eeddo. Mitungi ni ngapi?"

"Kumi." Bibi akamwangalia vibaya. "Kwani siku hizi maji mnahesabu?"

"Ni ya bure, shangazi yangu. Jaza zote. Nahesabia trela tu."

Bibi aliangalia trela, akamwangalia Fowsiya kama anauliza huyu dereva yuko sawa, na Yarow akateremka kumfungulia bomba.